Kona ya Fundi Kamera: namba za majaribio, sura za plastiki na mwezi wa simu

Mwezi huu maswali mengi mliyotuma yanazunguka jambo moja, yaani namba zinasema hivi na jicho linasema vile. Nimeyaweka pamoja, mengine nimeyafupisha maana kuna watu mnaandika kurasa na kurasa alafu swali lenyewe liko mstari wa mwisho.

SWALI: Habari fundi. Mi napiga picha za harusi hapa Mwanza, nataka kununua bodi mpya (kamera bila lenzi) nikawa nasoma majaribio ya kamera mbili za bei moja, zote megapikseli 24, zimepimwa na lenzi ileile. Moja imepewa alama ya ukali kubwa kuliko mwenzake, tena kwa mbali. Nikaazima zote kwa jamaa zangu nikapiga vitenge na lesi ya gauni, nikavuta kwenye kompyuta, yenye alama ndogo ndo naona nyuzi vizuri, ile iliyosifiwa nguo ina vimistari vyeupe pembeni pembeni. Sasa nani mwongo, namba au macho yangu? (Mpiga harusi, Mwanza)

JIBU: Hamna mwongo ndugu yangu, ila kila mmoja kapima kitu chake. Wanaopima ukali mara nyingi wanapiga picha ya chati yenye ukingo, upande mmoja mweusi upande mwingine mweupe, ukingo wenyewe umeinamishwa kidogo, nyuzi tano hivi. Njia hii imo kwenye kiwango cha ISO 12233 tangu mwaka 2000 (hiyo ISO ni shirika la viwango, usichanganye na ISO ya kamera, ya kuongeza mwangaza wa picha, unayopandisha ukumbini taa zikizimwa). Programu inasoma jinsi weusi unavyogeuka kuwa weupe pikseli kwa pikseli, kisha inachora grafu inayoitwa MTF, inayoonyesha utofauti wa weusi na weupe unabaki kiasi gani kadiri mistari inavyozidi kuwa myembamba. Ile alama moja unayoisoma kwenye jedwali kwa kawaida ni MTF50, yaani pale utofauti unapobaki nusu. Ikienda mbali watu wanasema kamera kali.

Sasa angalia kinachotokea ndani ya kamera kabla JPEG, yaani picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera, haijafika kwako. Tuseme ukingo umetoka kwenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ukiwa hivi, kutoka weusi kwenda weupe: 50, 50, 70, 125, 180, 200, 200. Kamera ikainoa picha, na kunoa maana yake ni kuchukua kila pikseli, kuilinganisha na jirani zake na kuongeza ile tofauti. Namba zikageuka zikawa: 50, 40, 52, 125, 198, 210, 200. Umeona? Mteremko wa katikati umesimama zaidi, kwa hiyo programu inasema ukali umepanda, MTF50 imeruka. Lakini kuna 40 ambayo ni nyeusi kuliko weusi wenyewe na kuna 210 ambayo ni nyeupe kuliko weupe wenyewe, na hiyo 210 ndo vimistari vyako vyeupe pembeni ya lesi. Hamna uzi hata mmoja ulioongezeka hapo, taarifa iliyoingia kwenye lenzi ni ileile.

Ukiwa na grafu nzima badala ya alama moja utaikamata kirahisi sana. Lenzi peke yake haiwezi kutoa utofauti mkubwa kuliko uliopo kwenye chati, kwa hiyo MTF inaanza asilimia 100 na kushuka. Ukiona inapanda kwanza hadi 110 au 120 alafu ndo inashuka, hiyo ni prosesa, ile kompyuta ndogo ya ndani ya kamera, imetia mkono. Ndo maana mi grafu naiamini kuliko alama, na gazeti au chaneli inayotoa alama tupu bila kusema picha ilikuwa JPEG au RAW (faili ghafi la sensa) na kunoa kuliwekwa ngapi, kwangu hiyo ni burudani tu.

Na siyo kunoa peke yake, hata kukoleza utofauti kwenye mtindo wa picha kunasogeza namba. Canon wanaita Picture Style, Nikon wanaita Picture Control, kila kampuni ina ladha yake ya kiwandani, wengine wanakoleza wengine wanaacha picha ilale, na mpimaji akizitoa kwenye boksi na kupima hivohivo basi anakuwa amepima ladha za mainjinia wawili. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako, piga RAW kwa kamera zote mbili, fungua kwa programu moja, kunoa weka sifuri kote. Nasema weka sifuri kwa mkono wako maana Lightroom kwa mfano ukifungua RAW inaweka kunoa 40 na kupunguza chenga za rangi 25 (chenga ni zile punjepunje za picha za gizani) bila kukuuliza. Baada ya hapo linganisha lesi kwa lesi. Kwa albamu ndogo pengine hutaona tofauti yoyote, ila kama unachapisha yale mabango makubwa ya mlangoni mwa ukumbi, ile kamera yenye vimistari itakuumbua.

SWALI: Fundi mambo, nina studio ndogo Kariakoo na jioni napiga sherehe za ndani, mwanga hafifu, ISO 6400 ndo maisha yangu. Kamera niliyonunua ilisifiwa kwamba chenga hamna kabisa, na kweli chenga hamna, ila wateja wanasema sura zimekuwa za plastiki na nywele zilizosukwa twende kilioni zinaonekana kama zimepakwa rangi tu kichwani. Nikimwambia mteja ni mwanga ananionyesha simu yake, mbona hii imetoa? Niseme nini? (Dada wa studio, Dar)

JIBU: Dada pole, na swali lako ndo zuri kuliko yote ya mwezi huu kwa hiyo nivumilie nikae hapa kidogo.

Chenga zinapimwa hivi, wanapiga picha ya kipande cha kijivu kitupu, alafu wanaangalia pikseli zake zinacheza kiasi gani. Tuseme wastani ni 118 na zinacheza kwa 6, uwiano ni kama 20 kwa 1. Kamera ikipitisha kazi yake ya kupunguza chenga, wastani unabaki 118 lakini sasa zinacheza kwa 2 tu, uwiano umefika 59 kwa 1, kwenye lugha ya desibeli hapo umepata kama 9 na nusu bure, na kwenye mapitio unasoma "kamera safi kabisa gizani". Namba ni ya kweli. Shida ni kwamba kile kipande cha kijivu hakina nywele, hakina vinyweleo, hakina nyuzi za kitenge, hakina chochote cha kupoteza, kwa hiyo ukikilainisha mpaka kiwe ukuta kitazidi kupata alama na hakuna atakayelalamika.

Utauliza, mbona basi ukingo wa kola ya shati unabaki mkali? Kwa sababu algorithimu (kanuni za programu) za siku hizi zina akili, zinaangalia kama tofauti kati ya pikseli na jirani yake ni kubwa au ndogo. Kubwa, zinasema huu ni ukingo, tuuache. Ndogo, zinasema hizi ni chenga, tulainishe. Sasa fikiria mstari wa twende kilioni, nywele nyeusi juu ya ngozi nyeusi, ukumbini taa za rangirangi. Tofauti kati ya msuko na ngozi ni ndogo, ndogo kabisa, iko palepale kwenye kiwango cha chenga, na kamera haina namna ya kujua kwamba yule mama kakaa saluni masaa manne kusukwa. Inapiga fagio. Kola nyeupe juu ya suti nyeusi inabaki kali, chati ya ukingo ulioinama inabaki kali, msuko unakufa.

Na ngozi nyeusi inaumia zaidi kwa sababu ya mwanga wenyewe, hii ni fizikia kabla ya programu. Chenga nyingi gizani zinatokana na mwanga kufika kwa kubahatisha, na uwiano wa picha na chenga unafuata kipeuo cha pili cha mwanga uliokusanywa. Ngozi inayorudisha robo ya mwanga ukilinganisha na ngozi nyingine, uwiano wake unakuwa nusu. Kwa hiyo algorithimu ikipangwa ikiwa na ngozi nyeupe akilini, kwetu inalainisha kupita kiasi. Hili lina historia ndefu, enzi za filamu Kodak walikuwa wanasambaza kadi za kupangia rangi kwenye maabara, zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na sura zetu zikawa zinatoka kwa kudra tu. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 waliweka kitu wanaita Real Tone, wakasema wazi wamepanga upya mwangaza na rangi ili ngozi nyeusi isipauke wala kuzama. Maana yake hata wao walikubali kwamba prosesa ina upande.

Wapimaji nao walishtuka zamani. Kuna chati inaitwa ya majani makavu, ni miduara mingi ya kijivu cha aina mbalimbali, mikubwa na midogo, imelaliana bila mpangilio, tofauti zake ni za chinichini kama za ngozi na nguo. Wanapima ukali kwenye ukingo, alafu wanapima tena kwenye majani makavu. Kamera ambayo haijafanya ujanja, namba mbili zinakaribiana. Ikipata sana kwenye ukingo na ikaanguka kwenye majani, lile pengo ndo kazi ya prosesa, na kadiri unavyopandisha ISO pengo linapanuka. Mapitio yenye kipimo hicho ndo ya kusoma ukitaka kununua tena.

Kuhusu simu ya mteja: simu nyingi za sasa usiku hazipigi picha moja, zinapiga kadhaa haraka haraka, zinazipanga moja juu ya nyingine na kuchukua wastani. Picha 9 zikiungana vizuri chenga zinashuka hadi theluthi, na msuko haufi kwa sababu uko palepale kwenye picha zote 9 wakati chenga kila mara zinakaa pengine. Ila mtu akicheza muziki hapo mambo yanaharibika, simu inarudi kulainisha kama kamera yako tu. Mwambie mteja apige bibi harusi akiwa anazunguka alafu mlinganishe.

Kwa leo fanya hivi. Ingia menyu utafute kupunguza chenga kwenye ISO kubwa, shusha hadi chini kabisa au zima. Piga RAW, na ukiediti ondoa chenga za rangi (zile madoa mekundu na kijani) lakini chenga za mwangaza ziache zibaki kiasi, kwenye karatasi hazionekani hata kidogo. Fleshi igeuze ipige dari kama dari ni jeupe. Na usiogope kuipa sura mwanga wa kutosha, ni afadhali ISO 6400 iliyopata mwanga kuliko ISO 3200 uliyokuja kuipandisha kwenye kompyuta.

SWALI: Niaje fundi. Simu yangu imeandikwa megapikseli 108, rafiki yangu ana kamera ya 24 na anasema yake ni bora, mimi nasema 108 ni 108, hesabu haidanganyi. Tuamulie, kuna lanchi imewekwa hapa. (Kijana wa Mombasa)

JIBU: Lanchi umeliwa. Kwanza jua kwamba pikseli haioni rangi zote, juu yake kuna kichujio cha rangi moja, nusu ni kijani, robo nyekundu, robo bluu, ni mpango wa Bryce Bayer wa Kodak aliopata hataza yake 1976 na mpaka leo karibu kamera zote zinautumia. Kwa hiyo theluthi mbili za namba za rangi kwenye picha yoyote zimekadiriwa na prosesa kutoka kwa majirani. Kwenye sensa nyingi za 108, pikseli 9 zimekaa kundi moja chini ya rangi moja, na kwa kawaida simu inaziunganisha 9 kuwa 1, gawanya mwenyewe, unapata 12. Ukilazimisha 108 kwenye menyu prosesa inabidi ikadirie zaidi tena, mchana kweupe utapata kaundani zaidi kuliko zile 12, ila sehemu kubwa ya hizo 108 ni faili kubwa tu. Na pikseli ya sensa hizo ni kama maikromita 0.8 wakati kamera ya 24 yenye sensa ya APS-C (saizi moja ya sensa, kubwa kuliko ya simu) iko karibu 3.9, ukipiga eneo ni mara 23 na ushee. Mnunulie mwenzio biriani.

SWALI: Shikamoo fundi. Napeleka wageni kupiga picha za nyota huku Arusha na maporini. Niliambiwa RAW haiguswi na kamera, ni ghafi kama ilivyotoka, lakini kuna picha nyota ndogo zinapotea, na pembeni mwa picha kuna chenga nyingi kuliko katikati. Ni sensa mbovu? (Mtembeza wageni)

JIBU: Marahaba. RAW ni ghafi kiasi, siyo ghafi kabisa. Kisa maarufu kiliwapata wenye kamera za Sony za jamii ya α7 hapo 2016 na 2017, picha za sekunde 4 kwenda juu zilikuwa zinapitishwa kwenye kichujio kinachowinda pikseli moja moja zinazong'aa peke yake, nia ilikuwa kufuta pikseli mbovu, lakini nyota ndogo nayo si ni kinukta kimoja kinachong'aa peke yake? Ikafutwa humohumo, ndani ya RAW. Wapiga nyota wakakiita mla nyota na kelele zilikuwa kubwa. Na hapo utaona utamu wa suala letu, kwa kipimo cha chenga kichujio kile ni faida tupu, anga limekuwa safi. Kabla yake Sony hao hao walilalamikiwa kwa kubana RAW kwa kupoteza taarifa, wakaongeza RAW isiyobanwa kuanzia 2015. Pentax nao baadhi ya bodi zao zilikuwa zinalainisha RAW ISO ikipanda, na wapimaji wakawa wanaweka alama maalumu kwenye grafu kuonyesha kwamba hapa namba imesaidiwa.

Hizo chenga za pembeni siyo sensa. Lenzi pana ikifunguliwa yote pembeni inatia giza, na kamera au programu inarekebisha kwa kuzidisha. Kama pembe zimezama stopu 2 (kila stopu ni mwanga kupungua nusu), programu inazidisha mara 4, na chenga zinazidishwa mara 4 pamoja nazo. Hivohivo kunyoosha mistari iliyopinda, pembe zinavutwa, pikseli chache zinatandazwa kujaza eneo kubwa, ukali wa pembe unashuka. Lenzi nyingi za siku hizi, hasa za Micro Four Thirds (aina ya kamera zenye sensa ndogo kiasi) na za simu, zimebuniwa zikitegemea marekebisho haya toka mwanzo na programu nyingi zinayaweka bila kukuuliza. Jaribu kuzima kwenye picha moja uone lenzi yako ikiwa uchi, wengine huwa wanashtuka. Kwa nyota mi nisingerekebisha lile giza la pembeni lote, ningeacha nusu, anga la usiku likizama pembeni hakuna mgeni atakayeuliza.

SWALI: Salaam kutoka Muscat. Nikon D850 inaandika RAW ya biti 14, lakini DxOMark, wale wapimaji wa kamera, waliipa stopu 14.8 za upana wa mwanga (toka giza hadi weupe inaoweza kunasa). Kama biti moja inabeba stopu moja, biti 14 zinatoaje stopu 14.8? Si ni uongo wa wazi? (Msomaji)

JIBU: Siyo uongo, ni hesabu ambayo watu hawasomi maelezo yake. Hiyo namba haikupimwa kwenye pikseli kama zilivyo, imehesabiwa kama vile picha imepunguzwa hadi megapikseli 8 ili kamera kubwa na ndogo zilinganishwe kwa chapisho la ukubwa mmoja. D850 ina 45.7, ukigawa kwa 8 unapata 5.7, kipeuo chake cha pili ni kama 2.4, yaani chenga zimepungua mara 2.4 kwa kupunguza picha tu, na hiyo ni sawa na stopu 1 na robo. Toa kwenye 14.8 unabaki na 13.5 hivi kwa pikseli moja, ambayo biti 14 zinaibeba bila shida. Kumbe hata kupunguza ukubwa wa picha ni uchakataji unaobadilisha kipimo. Usilinganishe tu namba ya aina hii na namba ya mpimaji mwingine aliyepima pikseli kwa pikseli, hapo ndo watu wanatukanana bure.

SWALI: Assalaam alaykum. Kijana wangu ana simu inayovuta sana, kapiga mwezi ukatoka na mabaka yake yote utadhani upo uani. Mie ni mtu wa Pemba, tunaangalia mwezi kwa macho miaka yote. Je picha hii ni ya kweli? Itafaa kuonea mwezi mwandamo? (Mzee wenu)

JIBU: Waalaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Kuthibitisha mwezi kuna wenyewe, mie nitajibu la kamera tu. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa Reddit alichukua picha ya mwezi kutoka mtandaoni, akaipunguza hadi pikseli 170 kwa 170, akaitia ukungu makusudi mpaka mabaka yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa, akasimama mbali na kuipiga kwa simu ya Samsung yenye zumu kubwa. Picha ikatoka na mabaka. Mabaka ambayo kwenye ile skrini hayakuwepo. Samsung wakaeleza kwamba simu ikitambua kuwa inachopiga ni mwezi, inaunganisha picha kadhaa alafu inatumia mfumo uliofundishwa kwa picha za mwezi kuongeza undani, na kwamba sehemu hiyo ya kutambua mandhari inaweza kuzimwa.

Kwa hiyo mzee, mwezi ulikuwepo na kijana aliuona, ila mabaka yale mengine si lazima yamepita kwenye lenzi. Na hapa vipimo vyote nilivyotaja juu vinakwama, maana ukiupima ule mwezi ukali upo, chenga hamna, utofauti upo, na programu ya kupimia haina njia ya kujua kwamba undani umetoka kwenye kumbukumbu ya mafunzo. Njia pekee ni kama ya yule bwana, kuipa kamera kitu ambacho unajua hakina undani na kuona kama itautunga. Kwa mwezi mwandamo, ukitaka kutumia simu basi zima hiyo sehemu, na mi ningeendelea kuamini jicho kwanza.

SWALI: Hujambo fundi. Nasimamia klabu ya picha shuleni, tuna kamera tatu za misaada za kampuni tofauti na wanafunzi wanabishana ipi kali. Hatuna pesa ya chati wala programu za kulipia. Tunaweza kupima wenyewe? (Mwalimu, Kisumu)

JIBU: Sijambo mwalimu, na mnaweza vizuri tu. Nunua manila nyeusi na nyeupe. Ile nyeusi ikate kwa wembe mpya na rula ya chuma, ukingo uwe safi, usikate kwa mkasi, alafu ibandike juu ya nyeupe ikiwa imeinama kidogo, nyuzi tano hivi, isikae wima kabisa. Weka nje kivulini mchana, taa za darasani zinapepesa na kila picha itatoka na mwanga wake. Kamera juu ya tripodi au meza, taima ya sekunde 2 ili mkono usitikise, ISO ya chini, tundu la lenzi f/5.6 au f/8 kwa zote, na simameni umbali ambao ukingo unajaza sehemu ileile ya fremu. Mwanga upimeni ili upande mweupe usifike 255, ukae 200 au chini ya hapo, kwa sababu weupe ukiungua ukingo unakatika ghafla na kipimo kinapanda kwa uongo.

Kitu cha muhimu kuliko vyote, wekeni kamera iandike RAW na JPEG kwa mpigo mmoja. RAW fungueni kwa darktable au RawTherapee, zote za bure, kunoa na kupunguza chenga vikiwa vimezimwa. Kisha pimeni zote mbili kwa MTF Mapper, nayo ya bure. Tofauti ya kamera kwa kamera kwenye RAW inatoka kwenye lenzi na sensa, tofauti ya JPEG na RAW ya kamera ileile inatoka kwa prosesa, na sitashangaa mshindi wa kwanza akabadilika mkihama kutoka safu moja kwenda nyingine, hapo ubishi ndo utanoga. Kama kompyuta ya shule inagoma, fungueni JPEG kwenye GIMP, vuteni hadi pikseli zionekane, na mwanafunzi asome namba moja moja akivuka ukingo aziandike ubaoni, ile ya kushuka chini ya weusi na kupanda juu ya weupe itaonekana bila programu yoyote. Alafu pigeni na kipande cha sweta na kichwa cha mwanafunzi aliyesuka kwa ISO ndogo na kwa ISO 6400, msiishie kwenye manila.

Matokeo nitumieni, nitayaweka kwenye toleo lijalo. Ila msitume kwa WhatsApp kama picha, tumeni kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida inashushwa hadi kama pikseli 1600 upande mrefu na kubanwa upya, nitakuwa napima WhatsApp badala ya kamera zenu.